Si Kila Uvimbe Unaorudi ni Saratani Iliyorudi

Mgonjwa ana karatasi mbili mkononi, na karatasi hizo hazipatani. Ya kwanza ni majibu ya damu: viashiria vya saratani vilivyokuwa juu kabla ya tiba vimeshuka hadi kiwango cha mtu mwenye afya. Ya pili ni ripoti ya picha ya CT. Uvimbe ulioko nyuma ya utumbo, kando ya mshipa mkuu wa damu, ulikuwa na sentimita nne kabla hajaanza dripu. Sasa amemaliza mizunguko mitatu ya dawa na uvimbe umefika sentimita sita. Damu inasema amepona, picha inasema ugonjwa unakua. Tuchukulie ni kijana wa miaka 24, aliyetolewa korodani moja miezi minne iliyopita. Nyumbani neno moja litatosha kueleza yote: imerudi.

Neno hilo huenda si kweli. Mwaka 1982 daktari Christopher Logothetis na wenzake wa Houston, Marekani, walieleza wagonjwa wa namna hii na kuipa hali yao jina: sindromu ya teratoma inayokua. Uvimbe ulipotolewa na kuchunguzwa, haikukutwa ile saratani kali iliyotibiwa. Dawa ilikuwa imekwisha kuiua. Zilizokutwa ni tishu zilizokomaa, zinazoendelea kukua polepole na zisizosikia dawa hata kidogo.

Saratani ya korodani inasifiwa kuwa miongoni mwa saratani zinazopona zaidi, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini haikuletwa na dawa peke yake. Imeletwa pia na nidhamu ya kuuliza kila uvimbe unaoonekana baada ya dawa: wewe ni nani? Kovu, teratoma, saratani iliyorudi mapema, iliyorudi baada ya miaka mingi, na saratani mpya ya upande wa pili, vyote huitwa uvimbe, na kila kimoja kina tiba yake. Anayekosea jina hukosea na tiba.

Kwa nini tumboni

Wengi hushangaa kusikia kuwa ugonjwa wa korodani unatafutwa karibu na figo. Sababu inaanzia kabla ya mtoto kuzaliwa. Korodani hazianzi maisha pale tunapozijua. Huumbika juu, jirani na figo, kisha hushuka hadi kwenye mfuko wake. Zikishuka huburuta mishipa yake ya damu na ya limfu. Kwa hiyo seli ya saratani inayosafiri kwa njia ya limfu hupanda hadi tezi zilizo nyuma ya tumbo, kandokando ya mshipa mkuu. Mitoki ya kinenani, ambayo mtu angeipapasa kwanza, kwa kawaida si kituo chake.

Jambo hili lina matokeo mawili. La kwanza ni kwamba maumivu ya mgongo yasiyoeleweka, kwa mtu aliyewahi kutibiwa saratani hii, yanastahili picha ya tumbo kabla ya dawa za maumivu. La pili linahusu upasuaji wa mwanzo. Korodani yenye saratani hutolewa kwa kupasua kinenani, si kwa kuchana mfuko wake. Ukichana mfuko au ukiuchoma sindano, unaweza kuifungulia saratani njia nyingine, na uvimbe ukachipua mahali ambapo hakuna aliyepanga kuutafuta. Pwani ya Afrika Mashariki hatari hii ni ya kweli, kwa sababu busha ni ugonjwa unaojulikana kila mtaa. Mfuko ukivimba, wazo la kwanza ni maji, na mkono wa kwanza unaweza kuwa wa mtu anayetaka kuyatoa. Busha kwa kawaida ni maji yanayozunguka korodani. Saratani mara nyingi ni donge gumu ndani ya korodani yenyewe. Kipimo cha altrasaundi hutofautisha hivyo viwili kwa dakika chache.

Dawa iliyozaa swali jipya

Kabla ya miaka ya 1970 suala la uvimbe unaobaki baada ya tiba halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa wagonjwa wengi ambao saratani yao ilikuwa imeenea hawakuishi muda wa kutosha kuliuliza. Mabadiliko yalianzia mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State alichapisha alichokiona alipopitisha umeme kwenye bakteria: walikoma kugawanyika. Haukuwa umeme uliowazuia. Ilikuwa kemikali iliyotokana na vipande vya platini vilivyopitisha umeme huo. Kemikali ya jamii hiyo ndiyo tunayoiita leo sisplatini. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Indiana, daktari Lawrence Einhorn aliichanganya na dawa mbili nyingine, vinblastini na bleomisini, na kuwapa vijana wenye saratani ya korodani iliyoenea. Uvimbe uliojaa mapafuni ulianza kuyeyuka. Mwaka 1978 sisplatini iliidhinishwa rasmi Marekani. Baadaye etoposidi ilichukua nafasi ya vinblastini, na mchanganyiko huo, unaojulikana kwa herufi BEP, umekuwa nguzo ya tiba hadi leo.

Matokeo yake yanaonekana katika uchambuzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021. Kwa saratani zisizo seminoma zilizoenea, wagonjwa wa kundi lenye matumaini mazuri walikuwa hai kwa asilimia 96 baada ya miaka mitano, na hata kundi lenye hali mbaya kabisa lilifikia asilimia 67. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong, aliyegunduliwa mwaka 1996 saratani ikiwa imefika tumboni, mapafuni na kwenye ubongo, alitibiwa Indiana, akaishi. Watu waliopona kwa wingi namna hiyo ndio walioleta swali jipya: kile kinachobaki ndani yao ni nini?

Kinachobaki

Hapa inabidi kutenganisha koo mbili. Karibu saratani zote za korodani huanzia kwenye seli zinazozalisha mbegu za kiume. Ukoo wa kwanza ni seminoma: huenda polepole, na husikia sana dawa na mionzi. Ukoo wa pili, usio seminoma, ni mchanganyiko wa aina kadhaa, na mojawapo ni teratoma.

Seminoma ikitibiwa kwa dawa, donge linalobaki mara nyingi ni kovu. Kulipasua ni kazi ngumu, kwa kuwa kovu hilo hushikamana na mishipa mikubwa kama gundi. Ndiyo maana likiwa chini ya sentimita tatu madaktari hulitazama tu. Likizidi hapo, picha ya PET, inayoonyesha seli zinazokula sukari kwa wingi, husaidia kuamua. Picha hiyo haipigwi mara tu dripu zinapoisha. Husubiriwa wiki sita hadi nane au zaidi, kwani mwili unaojiponya nao hula sukari na unaweza kumdanganya msomaji wa picha.

Kwa ukoo wa pili hesabu ni nyingine. Madonge yaliyobaki baada ya dawa yakitolewa na kuchunguzwa, karibu nusu hukutwa ni tishu zilizokufa, kama asilimia 40 ni teratoma, na takriban moja katika kila kumi bado lina saratani hai. Ugumu ni kwamba hakuna picha wala kipimo cha damu kinachoweza kutenganisha kwa uhakika tishu mfu na teratoma. Hata kipimo kipya cha damu kinachofuatilia chembe iitwayo miR-371, kinachosifiwa kwa kuinasa saratani hai mapema, hakiioni teratoma. Kwa hiyo kanuni iliyozoeleka ni ya kisu: kinachobaki tumboni kikizidi sentimita moja, na viashiria vya damu vimetulia, hutolewa.

Upasuaji huo ni mzito. Mpasuaji anasafisha tezi zilizozunguka mishipa mikubwa ya damu, jirani na figo, mirija ya mkojo na nyuzi za fahamu zinazosukuma shahawa nje. Nyuzi hizo zikikatwa, mwanamume hubaki na hamu na nguvu zake, lakini shahawa haitoki nje. Hurudi kibofuni au haisukumwi kabisa. Wataalamu wamebuni namna ya kuzikwepa nyuzi hizo pale ugonjwa unaporuhusu. Mgonjwa anastahili kuambiwa haya kabla ya kutia saini, na pale huduma ilipo, aulizwe kama anataka kuhifadhi mbegu zake, tena mapema, kabla hata ya dripu ya kwanza.

Kisiki kisichosikia dawa

Kwa nini teratoma haifi? Dawa za saratani huwinda seli zinazogawanyika haraka. Seli za teratoma zimekwisha kuchagua kazi: hizi zimekuwa gegedu, zile utando wa utumbo, nyingine ngozi. Hugawanyika polepole, na dawa huzipita kama mvua inavyoupita mwamba. Wakati huohuo majirani zao wakali, waliokuwa wakimwaga viashiria kwenye damu, wanakufa. Ndipo karatasi mbili za kijana wetu zinapogombana: walioandika damu ile wameondoka, na aliyebaki haandiki chochote.

Hali hii hutokea kwa wachache, asilimia chache tu ya wenye ukoo usio seminoma, na uchache wake ndio unaoifanya ipotoshe. Daktari ambaye hajawahi kuiona akikuta uvimbe unaokua anaweza kuongeza dripu. Kila dripu ya ziada ina bei yake mwilini: sisplatini huumiza figo, masikio na fahamu za vidole, bleomisini huweza kukausha mapafu. Bei hiyo inalipwa, na kinacholipiwa hakipatikani. Uvimbe unaendelea kukua na kubana mrija wa mkojo hadi figo ijae maji, au mshipa unaorudisha damu hadi miguu ivimbe, na kadiri unavyokua ndivyo mpasuaji anavyokosa pa kupitisha kisu.

Wengine hujifariji kwa kusikia kuwa teratoma iliyokomaa ni ya upole. Kwa mwanamume aliyebalehe upole huo hauaminiki. Baada ya miaka inaweza kugeuka kuwa saratani ya namna nyingine, mathalani ya misuli, ambayo haisikii BEP. Kisiki hakifi kwa kunyunyiziwa dawa, hung'olewa. Kikitoka chote, wengi hawaioni tena. Kikiachwa kipande, uwezekano wa kuota upya ni mkubwa.

Mgonjwa anapopelekwa kung'olewa kisiki hicho, neno moja lisisahaulike: daktari wa usingizi aambiwe kama aliwahi kupewa bleomisini. Mapafu yaliyoguswa na dawa hiyo yanaweza kudhurika kwa oksijeni nyingi na maji mengi ya dripu wakati wa upasuaji.

Inaporudi kweli

Mara nyingine saratani yenyewe ndiyo iliyorudi. Hata hapo, kurudi kuna daraja.

Lipo la kwanza, ambalo kwa kweli lilikuwa ndani ya mpango. Kijana ambaye ugonjwa wake ulionekana kuishia kwenye korodani anaweza kutolewa korodani hiyo kisha akaangaliwa tu, bila dripu. Kwa seminoma, chini kidogo ya mmoja kati ya watano huona ugonjwa baadaye. Kwa ukoo mwingine ni karibu theluthi, na hukaribia nusu kama seli zilionekana zimeingia kwenye mishipa midogo ya damu au ya limfu. Wengi wa hao hugundulika ndani ya miaka miwili ya kwanza, wakapewa BEP na kupona. Mwishowe karibu wote, 98 au 99 kati ya 100, hubaki hai, na theluthi mbili au zaidi wanakuwa wameepushwa na sumu ya dawa wasiyoihitaji. Huko si kushindwa kwa tiba, mradi mtu awe anaangaliwa kweli.

Daraja la pili ni saratani inayorudi baada ya BEP. Hapa njia ni nyembamba zaidi, lakini haijafungwa. Madaktari hutumia mchanganyiko mwingine wa dawa, au dozi kubwa kupindukia inayofuatiwa na kumrudishia mgonjwa seli zake mwenyewe za uboho zilizohifadhiwa kabla. Mwaka 2007 kundi la Einhorn lilichapisha habari za wagonjwa 184 waliotibiwa hivyo. 116 walikuwa hawana ugonjwa katika muda waliofuatiliwa. Ni saratani chache za watu wazima ambamo tiba ya pili inaweza kuahidi hivyo.

Daraja la tatu ni kurudi kwa kuchelewa, yaani zaidi ya miaka miwili baada ya tiba kwisha. Huwapata wachache, na baadhi yao hurudiwa baada ya miaka kumi au zaidi. Mara nyingi kinachopanda ni kiashiria cha damu kiitwacho AFP. Saratani iliyolala muda huo wote imekuwa sugu; dripu pekee hazitoshi, na kisu hutangulia pale kinapowezekana. Wengi wa hawa waliwahi kuachiwa kipande kidogo tumboni ambacho hakuna aliyekihangaikia.

La nne si kurudi kabisa. Korodani ya pili inaweza kuota saratani yake yenyewe. Kwa takriban wawili katika kila mia hutokea ndani ya miaka 15. Silaha yake ni ya bure: kuipapasa mara moja kwa mwezi baada ya kuoga maji ya moto, mfuko ukiwa umelegea.

Waigizaji

Kabla ya kuhukumu, kuna waigizaji wa kuwatoa jukwaani. AFP hupanda pia ini likiugua, na katika nchi zenye homa ya ini aina ya B kwa wingi, namba iliyopanda kidogo inaweza kuwa inasimulia habari za ini. hCG, homoni ileile inayopimwa kwenye kipimo cha mimba, baadhi ya vipimo huichanganya na homoni nyingine inayopanda pale korodani iliyobaki inapozalisha testosteroni kidogo. Tezi ya thaimasi, iliyoko kifuani, husinyaa wakati wa dripu kisha kwa vijana huweza kuvimba upya, ikaonekana kama donge. Bleomisini nayo inaweza kuacha madoa mapafuni. Na katika kanda yetu yuko mwigizaji mkubwa kuliko wote: kifua kikuu, kinachovimbisha tezi za kifuani na tumboni, na ambacho hupata mwanya mwili unapodhoofishwa na dawa. Kumpa mwenye kifua kikuu dripu za saratani ni kuuongezea ugonjwa huo nguvu.

Ndiyo maana madaktari wazoefu hawaharakishi. Hurudia kipimo cha damu, hulinganisha picha mpya na ya zamani, na pale shaka inapobaki huchukua kinyama cha kupima.

Gharama ya kalenda

Kwa Waafrika saratani hii ni adimu ikilinganishwa na nchi kama Norwe na Denmark, ambako ni miongoni mwa zinazoongoza kwa vijana. Uadimu huo umeifanya isizungumzwe. Matangazo ya saratani ya wanaume huzungumzia tezi dume, ugonjwa wa wazee, na kijana husikia kama habari za babu yake. Donge lake huitwa busha, ngiri, au pigo la mpira, na aibu hufanya iliyobaki. Anafika hospitali akiwa na uvimbe tumboni, na ndio wagonjwa wa namna hii wanaobakiwa na madonge makubwa baada ya dripu.

Hata hivyo kuna njia iliyokwisha kufunguliwa. Chuo Kikuu cha Indiana, kilikoanzia tiba hii, kimekuwa na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ushirikiano huo umezaa huduma za saratani magharibi mwa Kenya. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kampala kuna Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967. Dawa za BEP ni za zamani na zinajulikana. Mahali tunapopungukiwa zaidi ni baada ya dripu ya mwisho.

Tazama kalenda yenyewe. Mwaka wa kwanza, damu hupimwa kila baada ya mwezi mmoja au michache, na picha ya tumbo hurudiwa mara kadhaa. Kisha nafasi hupanuka, lakini ratiba huendelea miaka mitano au zaidi. Kwa mtu wa Kigoma, kila tarehe ni basi la kwenda na kurudi, siku za kazi zilizopotea, mahali pa kulala, na picha ambayo bima huenda isiilipie yote. Tena anayetakiwa kusafiri ni kijana asiyeumwa popote. Ana nguvu, amerudi kwenye bodaboda yake, na ndugu waliochanga wakati wa dripu wanaamini michango imekwisha. Anaruka tarehe moja, kisha nyingine. Nchi zinazojivunia asilimia 98 zimeipata namba hiyo kwa wagonjwa waliokuwa wakirudi kliniki. Sisi tukinunua dawa bila kununua kalenda, tumenunua nusu ya tiba.

Mengine hayahitaji fedha nyingi. Damu inaweza kuchukuliwa hospitali ya mkoa na majibu yakatumwa kwa simu, safari ikabaki kwa ajili ya picha tu. Kila anayemaliza tiba anaweza kupewa ukurasa mmoja wa kuhifadhi na cheti cha kuzaliwa: aina ya saratani, dawa na idadi ya mizunguko, bleomisini alipewa au la, ukubwa wa kilichobaki, na tarehe zijazo. Daktari atakayemwona baada ya miaka 12 huenda hajahitimu leo. Ukurasa huo ndio utakaomweleza.

Karatasi ya tatu

Turudi kwa kijana wetu na karatasi zake mbili. Zinagombana kwa sababu hazijakamilika. Ya tatu huandikwa na mtu ambaye mgonjwa kwa kawaida hamuoni: mtaalamu wa patholojia, anayekata uvimbe uliotolewa vipande vyembamba na kuviweka chini ya hadubini. Yeye ndiye atakayeandika kama ni kovu, teratoma, au saratani hai, na kama kingo za kilichotolewa ni safi. Akiandika teratoma iliyokomaa, imetoka yote, kijana hana haja ya dripu nyingine. Atahitaji nauli ya kliniki ijayo, na ndugu wa kumkumbusha tarehe.